Skrubu Moja Iliyolika Kichwa: Tathmini ya Kitabu cha Mike Massimino

Anayekichukua kitabu hiki akitarajia shujaa asiyetetereka atashangaa tangu kurasa za mwanzo, kwa maana msimulizi wake, mwanaanga Mike Massimino, anaogopa mahali pa juu, haoni mbali bila miwani, aliwahi kushindwa mtihani mkubwa wa chuo kikuu, na alikataliwa na NASA, shirika la anga la Marekani, mara tatu kabla ya kukubaliwa mara ya nne. Anayekichukua akitaka kujua mhandisi hufikiri nini pale skrubu inapokataa kutoka, naye yuko mahali ambapo hapana duka la vifaa wala fundi mwenzake wa kumpisha ajaribu, atapata kusoma kitabu ambacho nimekirudia mara mbili, na mara ya pili nilikifurahia zaidi.

Kinaitwa Spaceman. Kilichapishwa na Crown Archetype nchini Marekani mwaka 2016, miaka miwili baada ya mwandishi kuondoka NASA na kwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York. Kimeandikwa kwa Kiingereza chepesi cha mazungumzo, na msomaji aliyemaliza sekondari hatakwama, kwa sababu kila chombo kinachotajwa kinaelezwa kwa kazi yake kabla ya kuitwa kwa jina lake la kitaalamu. Wanaanga wengi wanapoandika hutupa vifupisho kana kwamba sisi sote tulikaa nao darasani. Massimino hafanyi hivyo.

Alizaliwa mwaka 1962 na kukulia Franklin Square, katika kisiwa cha Long Island, baba yake akiwa mkaguzi wa usalama wa moto katika idara ya zimamoto ya Jiji la New York. Julai 1969, Apollo 11 ilipotua Mwezini, alikuwa hajatimiza miaka saba. Mama yake alilichukua vazi la tembo alilokuwa amelivaa katika mchezo wa kuigiza shuleni, akaligeuza kuwa vazi la mwanaanga, na mtoto akawa anacheza nalo nje ya nyumba akiwa na mwanasesere wake Snoopy. Kisa hiki kinasimuliwa kwa ucheshi, lakini mwandishi anakitumia vizuri zaidi ya kutuchekesha: mara tu baada yake anakiri kwamba aliiacha ndoto ile alipoanza kupata akili, kwa kuwa wanaanga wa wakati huo walikuwa marubani wa kijeshi wa majaribio, naye alijiona si mtu wa namna hiyo. Kwa miaka mingi hakumwambia mtu yeyote. Ukweli huu ni wa thamani, kwa sababu kumbukumbu nyingi za aina hii humchora mtoto aliyejua njia yake tangu utotoni na hakuwahi kuyumba.

Alihitimu uhandisi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1984, akafanya kazi katika kampuni ya kompyuta ya IBM kwa miaka miwili, kisha akaenda MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ambako alichukua shahada mbili za uzamili mwaka 1988 na shahada ya uzamivu katika uhandisi wa mitambo mwaka 1992. Katika orodha kavu kama hiyo, mambo yanaonekana yamenyooka. Kitabu kinaonyesha kwamba hayakunyooka hata kidogo. Mtihani wa kumruhusu kuendelea na uzamivu alishindwa mara ya kwanza, tena si kwa alama chache, akaanza kuamini kwamba waliomkubali MIT walikosea. Alichokifanya baadaye ndicho kinachofaa kusomwa na mwanafunzi yeyote wa uhandisi: aliacha kujifungia peke yake na vitabu, akawaomba wenzake waliokwisha kufaulu wamweke mbele ya ubao na kumhoji kama watahini, wamsute alipojibu ovyo, mpaka fedheha ya kukosea mbele za watu ikazoeleka. Mara ya pili alifaulu.

Sehemu ya utafiti wake MIT ilihusu namna binadamu anavyoiongoza roboti iliyo mbali, hasa jinsi ya kumfanya anayeiongoza ahisi nguvu ambazo mkono wa roboti unakutana nazo. Hapa ningetaka mwandishi akae zaidi. Anapita haraka, kama mtu anayehofia kumchosha msomaji, ilhali jambo lenyewe linakuja kuwa kiini cha maisha yake yote: atafanya kazi akiwa ndani ya glavu nene zilizojaa hewa ya kanieneo, mikono yake ikiwa imetenganishwa na kila anachokigusa, na ujuzi atakaouhitaji ni uleule wa kukisia nguvu ambayo haihisi moja kwa moja. Msomaji makini atauona uhusiano huo mwenyewe. Lakini kitabu kingeweza kumwonyesha.

Baada ya MIT alihamia Houston kufanya kazi katika kampuni ya McDonnell Douglas, akatengeneza michoro ya kompyuta ndogo ya kuwasaidia wanaanga kuuongoza mkono wa roboti wa chombo cha anga, na michoro hiyo ikajaribiwa angani katika safari ya mwaka 1995. Kwa hiyo kazi yake ilifika angani kabla yake. Wakati huohuo alikuwa akiomba nafasi NASA. Maombi mawili ya kwanza yalirudi na barua za kukataliwa. La tatu lilimfikisha kwenye mahojiano, na hapo madaktari wakamwambia kwamba macho yake hayafikii kiwango kinachotakiwa bila miwani, na kwamba kwa sababu hiyo hastahili.

Sura ya macho ni mojawapo ya sura bora kabisa za kitabu. Mtu mwingine angeishia kulalamika kwamba kanuni haikuwa ya haki, au angesema tu kwamba hakukata tamaa. Massimino anayatazama macho yake kama mtambo ulioleta hitilafu. Anauliza kiwango chenyewe kinapimwaje, ni kiasi gani anapungukiwa, na ni sehemu gani ya upungufu huo inatokana na umbo la jicho na ni ipi inatokana na mazoea ya misuli inayolilenga. Anagundua kwamba yako mazoezi ya kuyafundisha macho yalegee badala ya kujikaza, anayafanya kwa miezi mingi kwa subira ya ajabu, na anarudi kwenye vipimo akiwa na nafuu ndogo iliyotosha. Mwaka 1996 alichaguliwa, katika kundi la watu 44 lililokuwa kubwa kiasi cha kubatizwa jina la dagaa waliosongamana koponi.

Miaka ya mafunzo inasimuliwa kwa haraka, na haki yake. Kuna ndege za T-38, kuna mafunzo ya kujiokoa majini, na kuna bwawa kubwa la Houston lenye kina cha mita 12 ambamo wanaanga hufanyia mazoezi ya kazi za nje ya chombo wakiwa wamevaa mavazi yao kamili. Kutokana na kurasa za bwawa hilo nilielewa jambo moja ambalo sikuwahi kulielewa, nalo ni kwamba vazi la anga halichoki. Kila unapofumba kiganja, hewa iliyo ndani ya glavu inataka kukifumbua, na baada ya saa sita vidole vya mtu mwenye nguvu huwa havina nguvu tena. Massimino ana urefu unaokaribia mita 1.9 na mikono mirefu, na anaandika kwa fahari isiyofichwa kwamba kwa mara ya kwanza maishani umbo lake lilikuwa na faida.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Machi 2002, ndani ya chombo Columbia (jina la chuo chake na jina la chombo chake ni moja, na mwandishi hachoki kufurahia sadfa hiyo), kwenda kuihudumia darubini ya anga ya Hubble. Yeye na James Newman walitoka nje mara mbili. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa kufunga kamera mpya, ambayo baadaye ilipiga picha ya mwaka 2004 ya eneo dogo la anga lililoonekana kuwa tupu na ambamo zilihesabiwa galaksi zipatazo 10,000. Kuhusu alichokiona alipogeuka na kuitazama Dunia, anasema kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba hivi ndivyo mtu angeona kama angekuwa mbinguni, na la pili, lililomjia papo hapo, kwamba hapana, mbinguni kwenyewe lazima kuwe hivi. Waandishi wengi wamejaribu kuyaeleza mandhari hayo kwa vifungu virefu. Yeye aliyatosheleza kwa mawazo mawili, na la pili likilisahihisha la kwanza.

Safari hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Columbia kurudi salama. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kilisambaratika kikirejea duniani, watu saba wakafa, watatu kati yao wakiwa wa darasa lake la 1996: William McCool, David Brown na Laurel Clark. Sauti ya kitabu inabadilika hapa, na mabadiliko hayo yamefanywa kwa heshima. Utani unakoma. Sentensi zinafupika. Anaeleza kwa utulivu mambo ambayo wenzao waliobaki waliyafanya kwa ajili ya familia za marehemu, na msomaji anaelewa bila kuambiwa kwamba viti vile vingeweza kuwa vyao. Sikupata katika kurasa hizo neno lolote lililotiwa chumvi.

Ajali hiyo ilikuwa na matokeo mengine yaliyoifikia Hubble yenyewe. Mapema mwaka 2004 msimamizi mkuu wa NASA, Sean O'Keefe, aliifuta safari ya mwisho ya kuihudumia darubini hiyo, kwa sababu chombo kilichokwenda Hubble kisingeweza kukimbilia kituo cha kimataifa cha anga endapo kingeharibika. Agosti mwaka huohuo kifaa kimoja cha darubini, spektrografu (chombo cha kuchambua mwanga) iliyowekwa mwaka 1997, kilizimika kwa sababu ya hitilafu katika mfumo wake wa umeme. Uamuzi ulipogeuzwa na Michael Griffin mwaka 2006, kwa sharti kwamba chombo cha pili kiwe tayari kwenye jukwaa la kurushia kwa ajili ya uokoaji, swali likawa ni nani atakayekitengeneza kifaa ambacho hakikuundwa ili kitengenezwe angani.

Hapo ndipo kitabu kinapokuwa kile ambacho nadhani mwandishi alizaliwa kukiandika. Kifuniko cha spektrografu ile kilikuwa kimefungwa kwa skrubu ndogo 111, zilizotiwa gundi ili zisilegee wakati wa kurushwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba siku moja mtu aliyevaa glavu nene kama mto atazifungua moja moja juu ya Dunia, pasipo kuiacha hata moja ielee na kuingia ndani ya darubini. Wahandisi wa NASA walitumia miaka kadhaa kubuni kibamba cha kuzinasa: kibamba hicho kingefungwa juu ya kifuniko, kila skrubu ingefunguliwa kupitia tundu lake dogo, na ikishafunguka ingebaki imenaswa humo. Walibuni pia bisibisi ya umeme ya mwendo wa kasi na nguvu ndogo. Kila hatua ilifanyiwa mazoezi mara nyingi. Ila kabla ya kibamba kufungwa, ilibidi kiondolewe kwanza kishikio kilichokuwa mbele yake, kilichofungwa kwa skrubu nne kubwa. Hatua hiyo ilionekana nyepesi mno.

Tarehe 17 Mei 2009, Massimino akiwa nje ya chombo kando ya Hubble, skrubu tatu za kishikio zilitoka. Ya nne ilizungushwa na bisibisi, kichwa chake kikalika, na bisibisi ikawa inazunguka bure. Kila fundi anaijua hisia hiyo. Massimino anaieleza kwa ukweli unaouma, kwa kuwa jambo la kwanza lililomjia si Hubble wala sayansi, bali wazo kwamba ameliharibu lile ambalo maelfu ya watu walilifanyia kazi, na kwamba vizazi vitaambiwa kwamba jibu fulani kuhusu ulimwengu halikupatikana kwa sababu ya mkono wake. Mwenzake aliyekuwa naye nje, Mike Good, hakuwa na la kumsaidia. Kwa zaidi ya saa moja Massimino alitumwa mara kwa mara kwenda kuchukua zana asizojua zitatumikaje, huku akijivuta kando ya darubini na kurudi.

Duniani, wakati huohuo, siku ikiwa Jumapili, wahandisi katika kituo cha NASA cha Goddard kule Maryland walichukua kishikio kama kile, wakakifunga kwa skrubu moja, na wakakivuta kwa kipimo mpaka kikavunjika. Kilihitaji nguvu ya ratili 60, sawa na uzito wa kilo 27 hivi. Wakampa taarifa: vuta. Abandike utepe chini ya kishikio ili kuzuia vipande visiruke, kisha avute kwa mkono. Baada ya miaka ya ubunifu wa zana za hali ya juu, dawa ilikuwa ni mkono wa mtu mrefu kutoka Long Island. Alivuta, kikang'oka. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, betri ya bisibisi ikawa imekwisha nguvu, ikabidi arudi kuibadilisha kabla ya kuanza zile skrubu 111. Kazi ilikwisha baada ya saa 8 na dakika 2 nje ya chombo, na spektrografu ikawaka.

Kurasa hizi ningempa mtu azisome hata kama hatasoma kitabu kingine. Zina kitu ambacho habari za anga hukikosa mara nyingi, nacho ni mpangilio sahihi wa sifa: aliyevuta kishikio ni mmoja, lakini aliyejua kwamba kikivutwa kitavunjika salama ni mtu mwingine aliyeacha mapumziko yake ya Jumapili na kukimbilia maabara. Massimino anasema hivyo waziwazi, bila unyenyekevu wa kujifanya.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kwamba mwandishi hawezi kuliacha tukio lizungumze lenyewe. Mara nyingi, baada ya kusimulia kisa vizuri, anageuka kutueleza kisa hicho kinatufundisha nini kuhusu kushirikiana au kutokata tamaa, na mafunzo hayo yanafanana mno na yale yatolewayo kwenye kumbi za hotuba. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo. Tulikwisha kuelewa alipokuwa akiyafundisha macho yake. Inaonekana visa hivi vilisimuliwa jukwaani mara nyingi kabla ya kuandikwa, na mahali pa makofi bado panaonekana.

Ya pili ni sayansi. Mtu amehatarisha maisha yake kwa ajili ya spektrografu, lakini msomaji anamaliza kitabu akiwa na picha hafifu ya kazi ya kifaa hicho. Hupasua mwanga wa nyota katika rangi zake, na kutokana na mistari inayokosekana au kuzidi huonyesha joto, mwendo na kemia ya kitu kilicho mbali; ni hicho kilichotumiwa kugundua, kwa mara ya kwanza, angahewa ya sayari inayoizunguka nyota nyingine, kwa kutambua sodiamu iliyomo ndani yake. Sentensi mbili tatu za namna hiyo, zikiwekwa kabla ya skrubu kulika kichwa, zingeuongeza uzito wa saa ile mara dufu. Mhandisi anapenda mashine kuliko inachokiona mashine, nadhani ndiyo sababu, na kwa kiasi fulani ninamwelewa.

Ya tatu ni ndogo: karibu kila mwenzake anasifiwa. Katika taasisi ambamo nafasi za kuruka ni chache na kila mmoja anaitamani, lazima palikuwa na wivu na maneno ya pembeni, lakini kitabu kinapita mbali na mambo hayo. Pengine ni adabu. Msomaji anayetafuta siasa za ndani za NASA atafute kwingine.

Ningekipendekeza kwanza kwa mwanafunzi wa uhandisi aliyeshindwa mtihani mmoja na kuanza kuhesabu kasoro zake, na kwa fundi yeyote anayejua uchungu wa skrubu iliyolika kichwa. Kwa mtoto wa shule ya msingi Kiingereza chake kitakuwa kizito kidogo, ingawa kisa cha vazi la tembo kinaweza kusimuliwa kwa mdomo na kikakubalika. Msomaji asiye na muda aanzie sura za mwaka 2009, kisha arudi MIT. Atakapokutana na yule kijana anayetetemeka mbele ya ubao huku wenzake wakimhoji, atajua tayari mkono wake utakwenda kushika nini.